Sauti ya Kirangozi

Jumapili alasiri, jua likianza kupoa, vijana wetu hukusanyika viwanjani kucheza mpira. Mpita njia akisimama kidogo, ataisikia sauti moja kuliko zote, nayo ni sauti ya mwalimu wa timu. Mwalimu mmoja humtukana mchezaji aliyekosa mbele ya watazamaji wote, akamtajia hata wazazi wake. Mwingine humngoja mpaka wakati wa mapumziko, akamwita kando, akamwonyesha kosa lake, kisha akamrudisha uwanjani. Vijana ni wa umri mmoja, na mpira ni ule ule. Lakini katika timu ya kwanza kila mchezaji huanza kuukwepa mpira asije akalaumiwa. Katika timu ya pili kila mmoja hutaka apewe.

Jambo hili laonekana dogo, lakini lina swali kubwa ndani yake: Kiongozi ana wajibu gani juu ya ulimi wake? Wako wasemao kwamba maneno ni pambo tu, na kazi hufanywa kwa amri na hofu ya adhabu. Wako wengine wadhanio kwamba yatosha kuwapa watu maneno matamu. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea. Na mtu wa Tabora hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, kwa maana ushahidi ulipita hapa petu kwa miguu.

Katika karne ya 19, kabla ya kuja reli, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kutoka hapa ikaendelea hadi Ujiji. Aliyeipa uhai njia hiyo ni mpagazi, na Wanyamwezi walisifika kupita wengine wote kwa kazi hiyo. Wengi wao walikuwa watu huru, waliojipatia ujira kwa mabega yao. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa wa ratili 60 au 70, yaani kilo 30 hivi. Mbele ya wote alitangulia kirangozi, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani, na aliyethubutu kumpita njiani alitozwa faini. Lakini kirangozi naye alichukua mzigo, ijapokuwa mwepesi kuliko ya wenziwe. Jioni, kambini, ndiye aliyesimama kuwatangazia watu habari za safari ya kesho. Walimsikiliza, kwa kuwa aliyesema nao alikuwa ametembea nao.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita njia hiyo akimtafuta Dakta David Livingstone. Alikuwa mtu hodari, hilo halina shaka. Lakini aliongoza kwa kiboko na mnyororo, na mwenyewe aliyaandika hayo kitabuni mwake bila kuona haya. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, majuma machache baada ya kuondoka Tabora, karibu na mto Gombe, watu wake walitua mizigo, wakakataa kuendelea, na bunduki zikaelekezwa huku na huku. Damu haikumwagika, na msafara ukaendelea. Lakini saa ile neno la kiongozi lilikuwa limekwisha nguvu, na kilichobaki mkononi mwake ni risasi tu.

Msomaji atasema: “Lakini Stanley alifika.” Ni kweli. Mwezi wa Novemba alimkuta Livingstone huko Ujiji. Hatukatai kwamba hofu humsukuma mtu. Lakini humsukuma maadamu mwenye kiboko yupo. Hapana budi kuuliza swali la pili: Je, watu hao watafanya nini siku ambayo kiongozi hayupo?

Livingstone hakuwa malaika, wala watu wake hawakuwa malaika. Wengi walimtoroka katika safari zake. Mwaka 1868, alipotaka kwenda kuliona ziwa Bangweulu, karibu wote walikataa kumfuata, akaenda na wachache. Hata hivyo aliandika katika daftari lake kwamba moyoni hakuwalaumu sana, kwa kuwa walikuwa wamechoka kutembea, naye alikuwa amechoka vile vile. Watoro waliporudi kwake mwaka ule ule, aliwapokea.

Mwezi wa Agosti 1872 aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, pamoja na watu zaidi ya 50 aliopelekewa kutoka pwani. Mwanzoni mwa Mei 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia.

Basi, tuitazame hali yao. Bwana wao amekufa. Pwani iko mbali mno. Kila mpagazi angeweza kutwaa kitambaa na shanga, akashika njia yake. Ndipo Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa wamefuatana na marehemu kwa miaka mingi, walipowakusanya wote. Hawakuwaficha hatari iliyo mbele yao. Wakayafungua masanduku ya marehemu mbele ya macho ya wote, naye Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaandika kila kitu kilichokuwamo. Kisha wakawaomba wenzao shauri. Nao wakajibu kwamba hao wawili ni wazee wa safari na wa taabu. Basi wawe wakubwa wao, na wote watawatii. Habari hizi twazijua kwa sababu Susi na Chuma walikwenda Uingereza mwaka 1874, wakamsimulia Horace Waller, aliyeyatengeneza madaftari ya mwisho ya marehemu yawe kitabu.

Wakauzika moyo wa marehemu chini ya mti, wakaukausha mwili wake, wakauchukua mabegani. Mwezi wa Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron. Yeye aliwashauri wauzike mwili huo hapa hapa. Wakakataa, wakaendelea na safari. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na mwili ukapokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Walikuwa wamekwenda zaidi ya kilometa 1,500 kwa miezi tisa hivi, na wenzao kadhaa walikufa njiani.

Hatusemi kwamba walifanya hayo kwa upendo mtupu. Huenda walihofu kushutumiwa kwamba wamemwua bwana wao, na tena walikuwa na ujira wa kudai. Nia za mwanadamu huchanganyika, hata katika matendo yake mema. Lakini hofu ya lawama na tamaa ya ujira zaweza kumfikisha mtu mmoja pwani. Haziwezi peke yake kuwashika watu wengi pamoja, miezi tisa, wakibeba mzigo ambao hakuna aliyewalazimisha kuubeba. Kilichowashika ni neno walilopatana siku ile ya kwanza.

Neno hilo lilikuwa na nguvu kwa sababu tatu. Kwanza, lilikuwa neno la kweli. Masanduku yalifunguliwa hadharani, hata pasiwe na mtu wa kunong’ona usiku kwamba wakubwa wameficha mali. Mahali ambapo mambo hufichwa, hapo umoja huoza. Pili, lilikuwa neno lenye kuuliza. Mtu aliyeombwa shauri huiona kazi kuwa yake. Aliyeamriwa tu huiona kuwa ya mwingine. Tatu, lilitoka vinywani mwa watu walioshiriki taabu. Susi na Chuma hawakubaki nyuma wakitoa amri kutoka kivulini.

Sasa tuwajibu wale wapendao maneno matamu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, ndivyo wasemavyo wazee wetu. Lakini nyoka aliyetolewa kwa werevu si rafiki. Mwalimu wa timu amsifuye kila mchezaji, hata mvivu, amewadanganya wote. Mchezaji mwenye bidii ataona kwamba sifa hazina thamani, na mvivu hatapata wa kumwamsha. Kuonya ni wajibu wa kiongozi, na kukwepa wajibu huo ni woga uliovaa nguo ya upole. Lakini kuonya ni tofauti na kuaibisha. Mwenye kuonya hutaja kosa ili mtu apone. Mwenye kuaibisha hutaja kosa ili yeye mwenyewe aonekane mkubwa. Na watu hutambua upesi sana ni lipi kati ya hayo mawili.

Bwana wetu Yesu Kristo alijiita Mchungaji Mwema. Alifundisha kwamba mchungaji hutangulia mbele ya kondoo zake, nazo humfuata kwa sababu waijua sauti yake. Na sauti haijulikani kwa siku moja. Hujulikana kwa kusikiwa mara nyingi, ikisema kweli siku ya furaha na siku ya msiba. Kwa hiyo kiongozi asidhani kwamba atawatia watu wake moyo kwa hotuba moja kali kabla ya mchezo, ikiwa majuma yote yaliyotangulia aliwanunia au aliwatukana.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tu virangozi mahali fulani. Baba ni kirangozi nyumbani, mwalimu darasani, msimamizi kazini, mwenyekiti katika chama chake, padre katika parokia. Kila mmoja wetu na ajiulize usiku huu kabla ya kulala: Watu wangu wakisikia nyayo zangu, huongeza bidii kwa hofu au huinua nyuso? Nikisafiri, je, kazi yaendelea, au wote huketi chini siku ile ile? Nikifa, watayafungua masanduku yangu mbele ya wote, au watagombania kilichomo?

Kiongozi apataye jibu baya asikate tamaa. Aanze kesho kwa jambo moja: amtafute yule aliyemtukana mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao amwombe radhi. Heshima yake haitapungua. Siku ile ataanza kusikiwa.