Vibanda vya Jerusalem

Ikifika Disemba, watu wa Eastlands, Nairobi, huulizana swali moja: mnaenda lini? Wapi haiulizwi. Wapi ni ushago, na anayebaki mjini Krismasi huonekana kama aliyepatwa na jambo. Mwaka jana mama mkwe alipopiga simu nikamwambia hatusafiri, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, kuna mgonjwa?"

Hakukuwa na mgonjwa. Mimi hushona sare za shule, na Disemba ndipo wazazi huniletea vipimo ili watoto wafungue Januari wakiwa nadhifu. Nauli nayo ilikuwa imepanda, kama kawaida ya sikukuu. Basi tukaamua kupiga hema uwanjani, nyuma ya nyumba yetu hapa mtaani Jerusalem: turubai, leso kuukuu, mkeka na kamba ya kuanikia nguo.

Aibu ya kubaki mjini ina historia. Mkoloni alitaka Mwafrika aje Nairobi kufanya kazi, akimaliza arudi alikotoka. Sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilikuwa ya kumfuatilia. Nyumba nyingi za mwanzo walizojengewa wafanyakazi zilikuwa vyumba vya wanaume wasio na familia zao. Kaloleni, yenye nyumba za familia, ilikuja miaka ya 1940. Bendera ya mkoloni ilishuka 1963, ila sisi bado tunaamini kwamba mjini ni pa kazi na pumziko liko kwingine.

Kuishi katika mtaa unaoitwa Jerusalem, jirani na Jericho, humfanya mtu asome Biblia kwa jicho la mpangaji. Katika sura ya nane ya Nehemia, waliorudi kutoka uhamishoni Babeli wanasikia torati ikisomwa na kugundua kwamba wameamriwa kukaa vibandani siku saba. Wanaenda mlimani kukata matawi ya mizeituni, mihadasi na mitende. Kisha wanajenga: juu ya mapaa yao, katika nyua zao, kwenye nyua za hekalu, kwenye uwanja wa Lango la Maji. Wana nyumba watu hawa, na wamo mjini tayari. Mungu anawatoa nje hatua chache tu, na hiyo inahesabika kuwa sikukuu.

Kwa nini hata hizo hatua chache? Rabi Abraham Joshua Heschel, katika kitabu chake The Sabbath cha 1951, alishikilia kuwa utakatifu wa Sabato umo katika wakati kuliko mahali. Namheshimu, lakini sidhani aliwahi kulala chumba kimoja na cherehani. Ukila unaiona, ukiamka unaiona, na sketi ya buluu isiyotiwa pindo imeningʼinia pale pale inakudai. Mahali pana neno lake. Nilipoketi chini ya turubai, ukuta ukiwa kati yangu na ile sketi, mabega yalishuka yenyewe.

Yalishuka mpaka mtu alipouliza nani anapika.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, inataja wanaopaswa kufurahi sikukuu hiyo ya vibanda: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa, mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Mke hatajwi. Nilimuuliza mchungaji wetu, akacheka, akasema mke yumo ndani ya "wewe". Sawa. Kama ni hivyo, basi kufurahi kwangu ni amri, na anayenirudisha jikoni siku hiyo ananivunjisha torati. Binti yangu naye asidhaniwe kuwa mbadala wangu. Yeye ametajwa waziwazi.

Mume wangu akasema, "Si tununue tu chapati kwa jirani?" Jirani huyo hukaanga kando ya barabara hata Krismasi. Nikamwendea, nikamwomba afunge mapema aje akae nasi. Akageuza chapati, akafuta jasho kwa kiwiko. "Mama, nikifunga leo, kesho watoto watakula nini?" Nikanunua, nikarudi hemani, nikala pumziko langu lililopikwa na mtu asiyepumzika.

Mambo ya Walawi, sura ya 23, ndiyo inayopanga sikukuu zote, vibanda vikiwa mwisho. Katikati yake, kabla ya kufika vibandani, kuna amri ambayo wengi huiruka: usivune pembe za shamba lako, waachie maskini na mgeni. Zamani niliona imepotea njia mle. Sasa naona ndiyo bajeti ya sikukuu yenyewe.

Mwaka huu tunapanga hema tena. Kwenye karatasi nimeandika turubai, maharagwe, soda za watoto, halafu mauzo ya siku moja ya mama wa chapati. Mume wangu akaisoma mara mbili.

"Kwa hivyo tunamlipa asipike?"

"Ndiyo."

"Na chapati atapika nani?"

Nikamwambia unga uko kabatini.