Je, Leseni Yatosha?

Wako Wakristo wa Kinondoni na Temeke wauzao pombe, nao husema, "Leseni tunayo." Ni vema, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 yadai leseni, tena yaweka saa za kuuza. Lakini tukumbuke viroba, vile vifuko vya pombe kali. Mpaka Februari 2017 viliuzwa kwa halali. Tarehe 1 Machi serikali ikavipiga marufuku. Je, madhara yake yalianza siku ile? Sivyo, yalikuwako, ila marufuku ilikuwa haijaja. Basi leseni yamjibu mkaguzi. Haimjibu mke angojaye fedha ya chakula. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho wasimkwaze ndugu aliye dhaifu. Nasi tusingoje sheria itufundishe upendo.