Nani Alisema "Nakubali"?

Mtu anapobofya kitufe kilichoandikwa "Nakubali", ni nani aliyesema? Kisarufi jibu ni jepesi: kitenzi kiko katika nafsi ya kwanza umoja, kwa hiyo msemaji ni yule aliyebofya. Lakini neno hilo hakulitunga yeye. Alilikuta limeshaandikwa, na rangi yake, ukubwa wake na mahali pake vilikwisha kuamuliwa na mtu ambaye hatamwona kamwe, yaani msanifu wa tovuti. Msanifu huandika swali na kuandika jibu pia. Hoja yangu ni kwamba hali hiyo inampa wajibu wake mwenyewe, ambao hawezi kumtwika mwajiri wake wote.

Mwaka 2010 Harry Brignull, msanifu wa Uingereza, alianza kukusanya mifano ya hila zinazofichwa katika kurasa za mtandao, akazipa jina la Kiingereza ambalo naweza kulitafsiri kuwa ruwaza za giza. Nyingi tunazifahamu hata kama hatukujua zina jina. Kisanduku cha kupokea matangazo kimeshatiwa alama kabla hujafika. Bei inapanda kwenye ukurasa wa mwisho, ukiwa umeshajaza kila kitu. Kitufe cha kujiunga ni kikubwa na kinang'aa. Njia ya kujitoa ni maandishi madogo ya kijivu, chini kabisa. Ipo pia ile ambayo kwangu mimi, mwanafunzi wa lugha, inaudhi kuliko zote: ukitaka kukataa ofa, kitufe pekee cha kukataa kinasema, "Hapana, sipendi kuokoa pesa zangu." Hapo msanifu ananiwekea mdomoni sentensi ya kunidhalilisha, kisha ananitaka niitie saini.

Mfano uliovuma zaidi ni wa Amazon. Juni 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo ikidai kwamba watu waliingizwa katika huduma ya Prime bila ridhaa ya kweli, na kwamba kujitoa kulifanywa kugumu kwa makusudi: kurasa 4, mibofyo 6, chaguo 15. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, ndani ya kampuni utaratibu wa kujitoa uliitwa Iliad, jina la utenzi mrefu wa Wagiriki wa kale kuhusu vita vya Troya. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, zikiwemo bilioni 1.5 za kurudishiwa wateja, bila kukiri kosa. Fedha ni nyingi, lakini kinachonishughulisha mimi ni lile jina. Ni vigumu kuamini kwamba aliyelichagua hakujua kuwa safari ni ndefu.

Kuna atakayesema kwamba biashara ni kushawishi. Mama anayeuza nyanya sokoni Nakasero, hapa Kampala, hupanga fungu lake zile nzuri zikiwa juu, na hatumwiti mwongo. Ni kweli, na hoja hii isidharauliwe. Lakini mteja wake anaweza kuzigeuza nyanya, kuuliza, kuomba apunguziwe, au kuondoka kwenda kwa jirani. Ustadi wa yule mama unafanya kazi mbele ya macho yangu. Hila ya ukurasa hufanya kazi kwa sababu sikuiona. Ningeiona, isingefaa kitu. Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza ni hiki: je, mpangilio huu ungeendelea kuleta faida kama mtumiaji angeelezwa waziwazi kwa nini umepangwa hivyo?

Msanifu, kwa maoni yangu, anafanana zaidi na mkalimani kuliko na mchuuzi. Mkalimani wa hospitalini hulipwa na hospitali, lakini mgonjwa naye anamtegemea. Akibadilisha maneno ya mgonjwa ili daktari apate jibu alilolitaka, hatukubali kwamba alikuwa akitekeleza maagizo tu. Amesema kwa kinywa cha mtu mwingine jambo ambalo mtu huyo hakulikusudia. Tena kwetu jambo hili lina uzito zaidi, maana msomaji wa huku mara nyingi hukutana na masharti kwa Kiingereza, ambacho huenda ni lugha yake ya tatu. Sentensi yenye kanusho mbili humchanganya hata mzawa wa lugha hiyo.

Msanifu kijana atanijibu kwamba ana kodi ya nyumba, na kwamba akikataa yeye, mwingine ataichukua kazi hiyo kesho. Sina dharau na jibu hilo. Lawama kubwa ni ya anayeagiza na kuvuna, na palipo na sheria kali mnyonge hupata pa kujiegemeza: anaweza kumwambia mteja kwamba haikatazi yeye, inakataza sheria. Ila "mwingine ataifanya" ni habari kuhusu huyo mwingine. Haisemi lolote kuhusu kazi iliyo mbele yangu. Na kati ya kutii na kuacha kazi kuna nafasi ambayo mara nyingi tunaisahau: kuchora ukurasa wa pili ulio wazi, kuuonyesha pamoja na ule ulioagizwa, na kuandika kwa barua pepe tofauti yake ni nini.

Nafasi hiyo ni muhimu kwa sababu ya namna mafanikio yanavyohesabiwa. Katika ripoti ya mwezi, aliyependa kubaki na aliyeshindwa kutoka wote wanaitwa wateja waaminifu, katika safu moja. Mkurugenzi anayeisoma huenda akaamini kwa dhati kwamba huduma yake inapendwa. Msanifu ndiye anayejua mlango umewekwa wapi. Anaweza kuhesabu ni wangapi walifungua ukurasa wa kujitoa wakaishia katikati, na kuiweka idadi hiyo mezani pamoja na nyingine.