Maji ya Uji

Ukipanda matatu ya Njoro au ya Bahati, mtazame abiria anayecheka: meno yana michirizi ya kahawia, naye huwahi kuziba mdomo kwa kiganja. Wengi wetu hapa Nakuru tunakijua kiganja hicho. Na shuleni tulikaripiwa bure, eti hatupigi mswaki!

Chanzo ni maji. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi kwenye visima vyetu, na vingi vinapita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Umri ndio huamua aina ya madhara. Mtoto wa chini ya miaka minane, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya ufizi, ndiye huharibika meno. Mtu mzima meno yake yamenusurika, lakini akinywa maji yenye floraidi nyingi miaka nenda miaka rudi, mifupa na viungo hukakamaa.

Kuchemsha hakusaidii: maji yakipungua sufuriani, yanayobaki huwa na floraidi zaidi. Magadi ya kulainishia maharagwe nayo huweza kuiongeza. Afadhali maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imelisambaza kwa miaka mingi.

Mama, baba, leo kabla ya kumkorogea mtoto uji, uliza kwanza: maji haya yametoka wapi?