Mti Uliobambuliwa Gome

Wapendwa, sisi tukaao Mpanda twaiona miombo kila mwaka: Septemba na Oktoba, mvua ingali mbali, yatoa majani mapya mekundu. Mizizi imeyanywa maji chini sana. Nayo hupanda katika shina kwa vijia vyembamba mno. Jua linyonyapo maji ya majani, hayo yaondokapo huyavuta mengine yaliyo chini. Mti hauna moyo wa kusukuma. Mnyama anao, na damu yake huzunguka na kurudi, kama William Harvey wa Uingereza alivyoonyesha mwaka 1628.

Lakini chakula kifanywacho na majani hushuka kwa njia nyingine, ndani ya gome. Basi mrina asali abambuapo gome pande zote, apate mzinga, mti haufi siku ile. Maji yangali yapanda, majani ni mabichi, na mpita njia husema ni mzima. Nasi walimu wa sharika, mara ngapi tumesema vivyo hivyo juu ya ndugu aimbaye kila Jumapili, ambaye nyumbani mwake sala imekoma? Huko chini mizizi yala akiba yake. Akiba ikiisha, haivuti maji tena.