Ujira wa Mwalimu: Haki au Sadaka?

Kila mwaka, tarehe 5 Oktoba, mataifa huadhimisha Siku ya Walimu Duniani. Tarehe hiyo ina sababu yake. Ndiyo siku ambayo, mwaka 1966, mjini Paris, wajumbe wa serikali nyingi walipitisha Pendekezo la UNESCO na la Shirika la Kazi Duniani juu ya hali ya walimu. Kati ya mambo waliyoyakubali ni kwamba mshahara wa mwalimu yapasa umwezeshe kuishi kwa heshima yeye na familia yake, wala usiwe duni ukilinganishwa na ule wa watu wa kazi nyingine wenye elimu kama yake. Siku hiyo husemwa maneno mengi ya kumsifu mwalimu. Sisi twapenda kuziweka sifa kando na kuuliza swali moja tu: je, mwalimu wa shule ya serikali katika nchi yetu hulipwa kwa haki?

Swali hili si la wanasiasa peke yao. Wako wazazi Wakatoliki wanaopeleka watoto katika shule hizo, wako walimu Wakatoliki wanaofundisha humo, na wako Wakatoliki wakaao katika ofisi ambamo mishahara hupangwa na madai hupitishwa. Wote husali katika kanisa moja. Basi ni swali la dhamiri, na dhamiri huhitaji kipimo.

Wako wasemao kwamba kipimo ni mapatano: mwalimu aliusoma mkataba, akatia sahihi, yamekwisha. Lakini Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alikwisha kutufundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki. Mtu mwenye shida hukubali chochote apewacho, kama mwenye kiu asivyobishana juu ya bei ya maji. Kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, akakaa nyumbani miaka akingojea ajira, hutia sahihi kwa furaha karatasi yoyote atakayoletewa. Sahihi yake yaonyesha kwamba alikuwa na haja. Haionyeshi kwamba alitendewa haki.

Mwaka 1931 Baba Mtakatifu Pius XI alitupa mambo matatu ya kupimia ujira: mahitaji ya mfanyakazi na familia yake, uwezo wa yule anayelipa, na manufaa ya watu wote. Na tuyatazame yote matatu bila upendeleo.

La kwanza ni familia. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni shilingi 500,000 kwa mwezi, badala ya 370,000. Hiyo ni nyongeza ya kweli, na mwenye haki hushukuru apewapo kilicho chake. Mwalimu mwenye shahada hupata zaidi ya kima hicho. Lakini mshahara ulioandikwa kwenye karatasi sio ule unaofika mezani. Mwalimu aliyesoma kwa mkopo wa serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kwa ajili ya deni hilo, asilimia 5 kwa ajili ya pensheni, na asilimia 3 kwa ajili ya bima ya afya. Maana yake, katika kila shilingi 100,000 za mshahara, 23,000 zimekwisha kuondoka kabla kodi haijahesabiwa. Hatusemi kwamba makato hayo ni mabaya: deni lapasa kulipwa, na uzee wahitaji akiba. Twasema tu kwamba anayetaka kuupima ujira yampasa kupima kile kinachobaki. Tena mwalimu aliyepangiwa kijiji cha mbali mara nyingi huwasha majiko mawili, moja lake kazini na jingine la mke au mume na watoto walikobaki. Huko kijijini naye ndiye anayetazamwa kwanza ukifika msiba, harusi au mchango wa kanisa, kwa kuwa yasemwa kwamba yeye ana mshahara.

La pili ni uwezo wa anayelipa. Hapa twapaswa kusema kweli yote, wala si ile inayotupendeza tu. Walimu ndio kundi kubwa kuliko yote katika utumishi wa umma. Ukiwaongezea walimu 10,000 tu shilingi 100,000 kila mmoja, Hazina yahitaji shilingi bilioni 1 zaidi kila mwezi, na walimu wetu ni wengi mara nyingi kuliko hao. Fedha hizo hutoka kwa raia, na kati ya raia hao yumo mkulima asiyejua mwisho wa mwezi ni nini. Mkulima huyo akiuliza kwa nini atozwe ili mwenye kupata kuliko yeye azidi kupata, swali lake si la kijicho. Wako pia maelfu ya vijana waliosomea ualimu na hawajaajiriwa. Pius XI mwenyewe aliona kwamba ujira ukipandishwa kupita kiasi huweza kuwanyima wengine kazi, kama vile ujira ukishushwa kupita kiasi unavyoleta balaa hiyo hiyo. Kwa hiyo hakuna mtu awezaye kufungua Injili akasoma humo kiasi cha mshahara wa mwalimu wa Songea au wa Bukoba. Watu wema waweza kuhitilafiana juu ya kiasi.

La tatu ni manufaa ya watu wote. Tangu Januari 2016 wazazi hawalipi ada katika shule za serikali za msingi wala za sekondari hadi kidato cha nne, na watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia darasani. Hilo ni jema, wala hatutamani kurudi nyuma. Lakini elimu isiyo na ada ina mlipaji wake daima. Serikali imeweka kipimo cha mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Ikiwa mwalimu anafundisha wanafunzi 90 katika chumba kimoja, anasahihisha madaftari 90 usiku, na mshahara wake ni ule ule, basi amefanya kazi ya watu wawili kwa ujira wa mmoja. Hakuna aliyetangaza kwamba mshahara umepunguzwa, lakini umepunguzwa. Furaha ya mzazi kwa kuondolewa ada haiwi safi ikiwa mzigo ule umetuliwa kichwani mwake na kutwikwa kichwani mwa mwalimu.

Twafika sasa kwenye neno linalosemwa mara nyingi mno, na hasa na sisi watu wa dini: kwamba ualimu ni wito. Ni kweli kabisa. Taifa hili lilimwita rais wake wa kwanza kwa jina la Mwalimu, kwa kuwa Julius Nyerere alifundisha Tabora na Pugu kabla ya kuuacha ualimu mwaka 1955 ili aongoze TANU. Lakini wito wa mtu si hati ya kumnyima ujira wake. Sadaka ni tendo la hiari. Anayeweza kuitoa ni mwenye mali. Ukichukua kilicho cha jirani yako na kukiita sadaka yake, hujamfanya mtakatifu, umemnyang'anya.

Mfano tunao katika historia yetu wenyewe. Mnamo Oktoba 1966, mwezi ule ule wa Pendekezo la Paris, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere, katika kuwajibu, alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Waweza kukubaliana au kutokubaliana na mengine aliyoyatenda siku ile, lakini tazama utaratibu wa jambo hili: aliyekuwa juu kuliko wote alianza na kilicho chake. Sadaka ya taifa huanzia juu. Mtu mwenye gari la umma, nyumba ya umma na posho ya kila kikao hana haki ya kumhubiria uzalendo mwalimu anayetembea kilomita kadhaa kwenda shuleni.

Tena yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Kiasi cha mshahara ni jambo la kushauriana. Deni si jambo la kushauriana. Mwalimu aliyehamishwa bila kulipwa fedha za uhamisho, aliyepandishwa daraja kwa barua na mshahara ukabaki wa zamani, aliyestahili nauli ya likizo asiipate mwaka baada ya mwaka, huyo haombi nyongeza, anadai. Sheria ya Musa ilimwamuru tajiri amlipe kibarua kabla jua halijatua, kwa kuwa maskini huyo ameutegemea ujira wake. Na Mtume Yakobo awaambia matajiri kwamba ujira waliouzuia hulia mbele za Bwana. Mwanadamu aliyeiacha karatasi ya mwalimu ilale mezani miezi sita asijidanganye kwamba kosa ni la serikali tu. Serikali haina mkono. Mkono ni wake.

Haki, lakini, ina pande mbili. Mwalimu anayepokea mshahara wa siku nzima na kufundisha nusu siku amechukua kisicho chake. Anayelificha somo asubuhi ili aliuze jioni katika masomo ya ziada awadai fedha wazazi ambao wamekwisha kumlipa kwa kodi yao. Na hata katika kudai, mtoto si adui wala silaha. Mwishoni mwa Julai 2012 Chama cha Walimu kiliitisha mgomo wa nchi nzima, na siku chache baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikaamuru ukomeshwe. Siku zile waliokaa madarasani bila mwalimu walikuwa watoto, ambao hawakuwa na deni lolote. Twakumbusha hayo ili pande zote mbili zijue ni nani anayeumia zinapongoja hadi hasira izidi ndipo zizungumze.

Basi jibu letu ni hili. Palipo na deni lisilolipwa, hakuna haki, wala hakuna udhuru wa bajeti unaotosha. Palipo na kazi iliyoongezwa maradufu bila msaidizi na bila fidia, hakuna haki. Kuhusu kiasi cha mshahara, hatua imepigwa, lakini haki itakamilika pale tu kiasi hicho kitakapopangwa pamoja na walimu wenyewe, hesabu zikiwa wazi, na wenye kupata zaidi wakiwa wa kwanza kujinyima.

Nasi Wakatoliki tusinyoshe kidole kwa serikali tu. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilikumbusha kwamba anayethubutu kuwaambia watu habari za haki yampasa kwanza awe mwenye haki machoni pao. Shule zetu, seminari zetu na parokia zetu zina walimu na makatekista. Kipimo hiki ni chao pia. Na kila familia yaweza kutenda jambo: kuhudhuria kikao cha shule, kusaidia kuijenga nyumba ya mwalimu kijijini, kuacha kuwaambia watoto kwamba ualimu ni kazi ya waliokosa kazi, na kumwuliza mbunge wao kwa adabu madai ya walimu wa wilaya yamefikia wapi.

Mzazi humwachia mwalimu mtoto wake tangu asubuhi hadi alasiri, kwa miaka mingi, na hapana mali aliyo nayo iliyo na thamani kuliko huyo mtoto. Kwa tendo hilo amekwisha kukiri kazi hiyo ni kubwa namna gani. Kinachobaki ni sisi sote kulipa kwa kadiri ya hayo tuliyokiri.