Huruma Isiyouliza Maswali

Mwanzoni mwa mwaka 2007, televisheni za Marekani zilianza kuonyesha tangazo ambalo wengi hawakuweza kulitazama hadi mwisho. Mbwa na paka waliokonda, wengine wana majeraha, wanakutazama kutoka nyuma ya nondo za vizimba. Mwimbaji Sarah McLachlan ameketi na mbwa, wimbo wake "Angel" unapigwa taratibu, naye anaomba dola 18 kwa mwezi. Tangazo lilikuwa la ASPCA, shirika la kulinda wanyama lililoanzishwa New York mwaka 1866. Haikupita hata miaka miwili, likawa limekusanya takribani dola milioni 30.

Sisemi kwamba walioguswa walikosea kuguswa. Ningekuwa kwenye kochi nikilitazama tangazo hilo, nami ningetafuta simu nipige. Mateso ya namna ile yapo, na moyo usiotikisika mbele yake una kasoro.

Ila tazama kilichokosekana. Dakika zote zile, macho ya wanyama yalichukua nafasi ya maelezo. Mchangiaji wa mji mdogo angeweza kuamini kwamba fedha zake zinakwenda kwenye kituo cha wanyama cha mtaani kwake, maana nacho mara nyingi kina jina linalofanana na la ASPCA. Vituo vile si matawi yake. Vinajitegemea, na baadhi yake hupewa ruzuku na ASPCA. Kituo cha jirani kingeweza kukosa hata chakula cha mbwa wakati jirani huyo huyo anaamini anakilisha kila mwezi. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza ya huruma isiyouliza, nayo ilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeuliza.

Dalili ya pili ilikuwa mahakamani. Tangu mwaka 2000, ASPCA na wenzake walikuwa wakiishtaki sarakasi ya Ringling kwa kuwatesa tembo wa Asia. Tembo hawezi kujiendea mahakamani Marekani. Lazima apatikane binadamu aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameumizwa. Walalamikaji wakasimama na mfanyakazi wa zamani wa sarakasi hiyo, aliyesema aliwapenda tembo wale na kwamba kuwaona wakiteswa kulimuumiza moyo. Kesi kwa sehemu kubwa ikategemea uchungu wa mtu mmoja.

Na mtu huyo alikuwa analipwa. Kwa miaka mingi fedha zilimfikia kutoka kwa mashirika yaliyoshtaki pamoja naye, zikapita pia kwa mawakili wao na taasisi ya hisani waliyoiongoza. Jumla haikupungua dola 190,000, na jaji aliona hazikuwa na tofauti na mshahara wake, maana hakuwa na kipato kingine. Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Walioandika hundi zile walikuwa watu wasomi, wanaopenda wanyama. Kila malipo yalikuwa nafasi ya kusimama na kuulizana: je, jaji akijua? Nadhani walijiambia kwamba nia yao ni njema. Sote tuna udhaifu huo. Tukishaamini kwamba tuko upande wa wanyonge, tunaacha kujikagua.

Desemba 2009 jaji alisema shahidi yule haaminiki, akaitupa kesi. Hakuamua kama tembo waliteswa au la, hakufika huko. Na hebu fikiria, katika kesi hiyo hiyo mwenye sarakasi mwenyewe alikuwa amekiri kwamba watunzaji huwapiga tembo chini ya kidevu na nyuma ya masikio kwa fimbo yenye ncha ya chuma iliyopinda. Ushahidi huo, kutoka kinywa cha tajiri wao, haukuwasaidia kitu tembo wale.

Kisha sarakasi ikageuza kibao, ikawadai walioishtaki. Desemba 2012 ASPCA iliilipa kampuni ya sarakasi hiyo dola milioni 9.3, na Mei 2014 walalamikaji wengine pamoja na washirika wao wakakubali kulipa milioni 15.75, bila kukiri kosa. Hesabu ni dawa ngapi za mbwa hizo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, picha ya mnyama aliyejeruhiwa ikikufikia kwenye simu na namba ya kutuma pesa chini yake, toa ukiweza. Kwanza uliza mnyama huyo yuko wapi, nani anamtibu, na daktari gani wa mifugo amemwona. Kama kituo kipo karibu, nenda ukakione, ukabebe na gunia la chakula. Anayefanya kazi hii kwa kweli hatakasirikia maswali yako.

Nao tembo wa Ringling hatimaye walitolewa ulingoni Mei 2016. Kabla ya hapo miji kama Los Angeles na Oakland ilikuwa imepitisha sheria za kuizuia ile fimbo ya chuma, na kampuni yenyewe ilisema sheria za namna hiyo, mji hadi mji, zilifanya safari za tembo ziwe ngumu kupanga.